Ushauri: Nataka kuagiza Toyota MR-S, nipo Tanga. Itanifaa?

BintiPangani

Habari zenu wakuu. Nipo Tanga mjini, nina Noah ya familia ambayo hainisumbui na itabaki. Natafuta gari ya pili, ya viti viwili, ya kuendesha kwa raha zangu siku za mapumziko. Nimezunguka sana mitandaoni na moyo umetua kwenye Toyota MR-S, zile zilizoanza kutoka 1999 hadi 2007, injini ikiwa nyuma ya viti na mbele ya ekseli ya nyuma. Paa lake ni turubai la kukunja.

Mume wangu haipingi gari ya viti viwili, ila yeye anasema kwa hela ileile tutafute Porsche Boxster ya zamani, nayo injini yake ipo katikati. Mimi naogopa spea. Halafu kuna watu wananitisha kwamba gari za namna hii zikiingia kona huzungusha makalio ghafla, na barabara ninayoitamani kuliko zote ni ile ya kutoka Mombo kupanda Soni hadi Lushoto.

Naomba mnisaidie: injini kweli inakula oili kama wanavyosema? Fundi wa kawaida ataiweza? Na nichukue gia za mkono au ile inayoitwa SMT? Natanguliza shukrani.

Spana17

Dada, nimeshika hizi injini miaka mingi, nitakueleza kwa urefu kidogo.

Usiogope jina la gari. Injini yake ni 1ZZ-FE, lita 1.8, ndugu wa ile iliyomo kwenye Wish, Opa, Allion na Premio za 1.8 zilizojaa mitaani. Plagi, koili, sensa, pampu ya maji, vingi utavipata dukani bila kuagiza nje. Inatumia cheni, kwa hiyo hakuna mkanda wa taimingi wa kubadilisha. Fundi anayezijua Wish anaijua hii, tofauti ni kwamba ataifikia akiwa ameinama nyuma ya gari. Na injini kukaa katikati si jambo geni Afrika Mashariki: Estima za kwanza, za miaka ya 1990, injini ililazwa chini ya viti vya mbele, na mafundi wetu walizizoea.

Sasa oili. Ni kweli, hasa matoleo ya mwanzo. Pistoni zake zina matundu madogo na machache ya kurudishia oili, yanaziba, ringi zinaganda, oili inapanda juu na kuungua. Toyota walizibadilisha baadaye, ndiyo maana mimi ningekushauri utafute gari iliyotoka baada ya maboresho ya 2002. Kwenye Wish tatizo hilo ni la kuongeza oili tu. Kwenye MR-S kuna hatari ya pili: ndani ya manifodi ya ekzosi kuna katalisti ndogo mbili, yaani vifaa vya kusafisha moshi vyenye udongo wa kauri ndani, zimekaa karibu kabisa na injini. Oili ikiungua muda mrefu, ule udongo wa ndani unapasuka, na vumbi lake huweza kuvutwa kurudi kwenye silinda. Hapo injini imekwisha.

Namna ya kukagua: injini ikiwa ya baridi, fungua sensa za oksijeni zilizo kwenye manifodi, mulika tochi kwenye tundu. Ukiona vijitundu vimejipanga vizuri kama sega la nyuki, salama. Ukiona shimo au vipande vinacheza, usiiwashe tena mpaka manifodi ibadilishwe. Kazi yenyewe haichukui muda, shida ni sensa ikiwa imeshika kutu.

Oili yake ni lita 3.7 pamoja na filta. Injini ndogo ya oili kidogo haivumilii kupungukiwa, kwa hiyo stiki ichomolewe kila unapojaza mafuta, gari ikiwa sehemu tambarare.

Jambo la mwisho, na hili ndilo linaloua gari hizi mikononi mwa mafundi wetu. Rejeta ipo mbele, injini ipo nyuma, maji yanasafiri kwenye mabomba marefu chini ya gari. Ukimwaga maji na kujaza kiholela, hewa inabaki ndani na injini inachemka wakati rejeta imejaa. Lazima hewa itolewe kwa utaratibu. Na fundi akikuambia ang'oe thamostati, ile valvu inayodhibiti joto la maji ya injini, "kwa sababu huku ni joto", mshukuru, ondoka na gari yako.

SMT iache. Ni gia za mkono zenye pampu ya haidroliki inayokanyaga klachi kwa niaba yako. Pampu ikichoka hapa Tanzania utahangaika. Chukua ya pedali tatu.

Mzigo_Bandarini

Dada kabla ya yote, ingia kwenye kikokotoo cha kodi cha TRA, Mamlaka ya Mapato Tanzania. Ushuru wa forodha ni asilimia 25, VAT 18, na kuna ushuru wa uchakavu kwa sababu gari imeshapita miaka kumi. Ukijumlisha na tozo nyingine, unaweza kulipa kodi inayokaribia thamani ya gari yenyewe. Na thamani inayotumika ni ile iliyomo kwenye mfumo wao, si lazima iwe ile ya risiti yako. Weka hesabu hiyo mezani kwanza.

Leicester_Mswahili

Shikamoo wakubwa, na salamu kwako dada. Mimi naishi Uingereza, nina Boxster ya kizazi cha kwanza, 986, zile za 1996 hadi 2004. Naipenda mno. Injini yake ya silinda sita zilizolala inaimba nyuma ya mgongo wako, na buti zipo mbili, moja mbele na moja nyuma. Kwa safari ya mizigo inaipita MR-S mbali sana.

Lakini shemeji yangu nitamwambia ukweli. Boxster za wakati ule zina beringi ya shafti ya kati, maarufu kwa jina la IMS. Ikivunjika, inaondoka na injini nzima. Huku watu huibadilisha wakati wa kubadilisha klachi, maana giaboksi lazima ishuke, na wapo mafundi ambao kazi yao ni hiyo tu. Zaidi ya hapo, injini huioni kwa kufungua boneti, mpaka ufungue vifuniko au uingie chini. Huku nimezungukwa na wataalamu na spea za kutosha. Ningekuwa Tanga ningechukua MR-S.

Usukani_Arusha

Mimi ninayo MR-S, pedali tatu. Nikujibu lile la kona, kwa sababu wengi wanalisimulia bila kuliendesha.

Gari ina uzito wa takriban tani moja, na sehemu kubwa ya uzito huo ipo kati ya magurudumu. Ndiyo raha yake. Mbele hakuna injini, kwa hiyo usukani ni mwepesi na gari inageuka mara tu unapotaka, huhisi ule mzigo unaokuvuta kwenda nje ya kona. Ukiwa umeshusha turubai, unasikia injini ikivuta hewa karibu na sikio. Kwa kilomita sitini kwa saa unafurahi kuliko mwenye gari ya farasi mia tatu. Yangu ina 140 na sijawahi kuona hazitoshi.

Hatari ni moja na inafundishika. Ukiingia kona kwa kasi kisha ukaogopa katikati na kuachia mafuta ghafla, uzito unahamia mbele, tairi za nyuma zinakuwa nyepesi, na mkia unataka kukupita. Ukikanyaga breki hapo unaongeza balaa. Punguza mwendo kabla ya kona, usukani ukiwa umenyooka, weka gia, kisha pita ukiwa umekanyaga mafuta kidogo na kwa utulivu. MR2 iliyotangulia, SW20, ndiyo ilijijengea jina baya kwa hili, na Toyota waliirekebisha saspenshen mapema. MR-S ni mpole zaidi, ila kwenye lami yenye maji haijali upole wa jina.

Barabara ya Lushoto itakupa raha sana. Ila ni nyembamba, kona hazionekani mbele, na malori ya mboga yanashuka katikati ya barabara. Nenda asubuhi, siku kavu, na kaa upande wako.

Tairi: za mbele ni 185/55R15, za nyuma pana zaidi, 205/50R15, na kwenye matoleo ya baada ya 2002 nyuma ni inchi 16. Huwezi kuzungusha za mbele kwenda nyuma. Fundi wa tairi akikuwekea nne zinazolingana, umeiharibu tabia ya gari.

Matuta yapande mshazari, gurudumu moja moja. Na kwa hali ya pwani: turubai lina mirija ya kutolea maji nyuma ya milango, majani yakiiziba maji yanaingia ndani ya gari. Isafishe kabla ya masika.

NairobiKaskazi

Huku Kenya hatuwezi kuagiza gari iliyopita miaka minane, kwa hiyo MR-S imebaki kuwinda zile zilizosajiliwa zamani, na wenyewe hawauzi. Nunua dada, na utuwekee picha.

Kaka_Mkweli

Kwa kodi hiyo ungepata IST mbili. Viti viwili, buti hakuna, kwa mwanamke mwenye familia naona ni anasa.

BintiPangani

Kaka yangu Mkweli, familia ina Noah. Hii ni ya kwangu na mume wangu, hela tumeitafuta wote wawili, na nimeshaeleza hapo juu.

Spana17, Usukani, shemeji wa Leicester, Mungu awabariki. Nimemsomea mume wangu habari ya beringi ya Boxster, amekubali. Tunatafuta MR-S ya baada ya 2002, pedali tatu, rangi yoyote. Wakala ameshanitumia moja, anasema ni safi, ila kwenye karatasi ya mnada sehemu ya gredi imeandikwa R. Nini maana yake?

Spana17

R ni gari iliyowahi kugongwa ikatengenezwa. Si kila R ni mbovu, lakini kwa gari ambayo injini na saspenshen ya nyuma vimeshikana pamoja, kugongwa nyuma si jambo dogo. Mwambie akutumie ule mchoro wa gari uliopo kwenye karatasi hiyohiyo, utaona sehemu zilizowekewa alama. Uweke hapa tuusome pamoja, na usilipe hata shilingi kabla ya hapo.