Hati za ngozi kutoka Uingereza ndani ya sanduku la marehemu baba: ni za nini, na zipelekwe wapi?

Binti wa Karani (Moshi)

Wanajukwaa, nawasalimu, na wakubwa zangu shikamooni. Marehemu baba yangu alikuwa karani wa shamba la kahawa la setla mmoja Mwingereza, upande wa magharibi wa Moshi, hadi mashamba hayo yalipotaifishwa mwaka 1973. Mwenye shamba alipoondoka alimwachia baba sanduku la bati akimwomba amtunzie. Hakurudi wala hakuandika tena, na baba alilitunza mpaka alipofariki. Sasa tunagawana vitu vya nyumbani kwake, na sanduku hilo limetuletea mabishano.

Ndani mna vitabu vya mishahara ya vibarua na barua nyingi. Chini kabisa, zikiwa zimefungwa kwa utepe mwekundu uliopauka, mna hati ambazo si za karatasi bali za ngozi. Mbili zimekunjwa pamoja, ndogo ndani ya kubwa. Zote zinaanza na maneno "This Indenture" kwa herufi za mapambo, na ukingo wao wa juu umekatwa kwa mawimbi. Ndogo ni ya tarehe 10 Mei na kubwa ni ya tarehe 11 Mei, mwaka wa nane wa Mfalme George wa Tatu. Ninachoshindwa kuelewa ni kwamba ile ndogo, kwa jinsi nilivyoisoma kwa taabu, inampangisha mtu nyumba, mashamba na malisho yote kwa mwaka mmoja kwa shilingi tano, na kodi yake ni punje moja ya pilipili manga, tena ikiwa itadaiwa. Pembeni kuna kipande cha karatasi ya buluu kilichobanwa kwa kibati chembamba, na mgongoni mwa ile kubwa limeandikwa jina Wakefield pamoja na namba za kitabu na ukurasa. Ipo pia hati nyembamba ya Februari 1711 ambayo haikuandikwa kwa Kiingereza, na nyingine ya ngozi kadhaa pana zilizoshonwa pamoja upande wa chini, yenye lakiri nyekundu, inayohusu ndoa.

Kaka yangu anaamini kwamba hizi ni hatimiliki na kwamba aliye nazo anaweza kudai ardhi huko. Mdogo wangu anataka kila mmoja wetu achukue moja akaitie kwenye fremu. Nimewaomba wasubiri. Naomba kuelimishwa: ni hati za namna gani, zina nguvu yoyote kisheria leo, na zinapaswa kukaa wapi?

Mtunza Nyaraka (Arusha)

Dada, pole kwa kuondokewa na mzee, na umefanya vyema kuwazuia ndugu zako.

Nianze na hiyo punje ya pilipili, kwa sababu ukiielewa utaelewa kwa nini hati zile mbili hazipaswi kutenganishwa. Mei ya mwaka wa nane wa George wa Tatu ni Mei 1768. Ulicho nacho ni jozi: hati ya kupangisha na hati ya kuachia haki, ambazo kwa pamoja zinahamisha ardhi kutoka mkono mmoja hadi mwingine. Mwaka 1536, wakati wa Mfalme Henry wa Nane, Bunge lilitunga sheria iliyotaka aina fulani ya mauzo ya ardhi iandikishwe rasmi, na wenye mali hawakupenda shughuli zao zijulikane na kila mtu. Wanasheria waligundua kwamba sheria hiyo haikugusa upangaji wa muda. Wakabuni njia: muuzaji anampangisha mnunuzi kwa mwaka mmoja kwa shilingi tano za jina tu, na kesho yake, mnunuzi akiwa tayari anahesabiwa kisheria kuwa ameishika ardhi hata kama hajakanyaga hapo, muuzaji anamwachia haki yote iliyobaki. Hakuna aliyetegemea kula kodi ya punje ile. Malipo halisi, kama ardhi iliuzwa, utayakuta katika hati kubwa. Njia hii ilitawala tangu karne ya 17 hadi sheria ya 1841 ilipoifanya hati ya pili ijitosheleze. Kwa hiyo kaka akichukua ndogo na mdogo wako akachukua kubwa, mmoja atakuwa na upangaji usio na maana na mwingine atakuwa na nusu ya mkataba.

Ukingo wa mawimbi una asili yake pia. Hapo kale nakala mbili ziliandikwa kwenye ngozi moja, kisha zikatenganishwa kwa mkato usionyooka, ili siku ya ugomvi vipande viletwe na kuonekana kama vinaoana. Kufikia 1768 ulikuwa umebaki kuwa desturi. Karatasi ya buluu ni ushahidi wa ushuru wa stempu, ulioanza kutozwa mwaka 1694. Alama ya kubonyeza haikai vizuri kwenye ngozi, ndiyo maana ilibonyezwa kwenye karatasi iliyogundishwa na kubanwa kwa bati. Geuza upande wa nyuma uone kama kuna kikaratasi kidogo chenye herufi za jina la mfalme kinachofunika ncha za kile kibati. Usikibandue.

Jina Wakefield ndilo lililonifurahisha zaidi. Sehemu kubwa ya Uingereza haikuwa na masjala ya hati wakati huo, lakini West Riding, yaani sehemu ya magharibi ya Yorkshire huko kaskazini mwa Uingereza, ilifungua yake katika mji wa Wakefield mwaka 1704 na ikaendelea hadi 1970. Muhtasari wa hati ulinakiliwa katika vitabu vikubwa, na mgongoni mwa hati yenyewe karani akaandika kitabu, ukurasa na namba. Vitabu hivyo vipo, vinatunzwa na huduma ya nyaraka ya West Yorkshire. Kwa namba ulizonazo, mtu aliye huko anaweza kuthibitisha hati yako bila kuiona.

Hati nyembamba ni Kilatini bila shaka, kwa kuwa mahakama za Uingereza, ukiacha miaka michache ya katikati ya karne ya 17, ziliandika kumbukumbu zake kwa Kilatini hadi 1733. Nadhani ni nakala ya kumbukumbu za baraza la bwana wa ardhi. Mpangaji wa kimila alikuja mbele ya baraza, akairudisha ardhi mikononi mwa bwana kwa ishara ya fimbo, kisha mpangaji mpya akaipokea kwa fimbo hiyohiyo, na karani wa baraza akampa nakala iliyokuwa ndiyo ushahidi wake. Umiliki wa namna hiyo ulifutwa tarehe 1 Januari 1926. Unapoorodhesha, andika 1711/12, maana kabla ya 1752 mwaka wao wa kisheria ulianza tarehe 25 Machi, na Februari yao ya 1711 kwetu sisi ni Februari 1712.

Ile ya ndoa ndiyo ningeisoma kwanza kama sanduku lingekuwa mezani kwangu. Familia zenye mashamba makubwa zilitumia ndoa kufunga mali isiuzwe: bwana harusi alipewa haki ya kuitumia akiwa hai tu, kisha ikaelekezwa kwa mtoto wa kiume wa kwanza ambaye hata hajazaliwa, huku wadhamini wakisimamia posho ya mke atakapokuwa mjane na mafungu ya fedha kwa mabinti na wana wadogo. Hati kama hizo hutanguliza maelezo marefu ya hati zilizopita, na humo ndimo utakapopata majina ya vizazi, vijiji na madeni.

Mwenda Pole (Moshi)

Nimesoma kwa makini, lakini nauliza kwa upande wa pili. Mwenye mali hajaonekana kwa nusu karne, na hati kama hizi huuzwa mtandaoni kwa wapenda mapambo. Kuna ubaya gani familia ikiuza ikalipia gharama za msiba? Na kama wataamua kuzitunza, pale mjini wapo vijana wa steshenari wanaopiga laminesheni hata karatasi kubwa. Zitadumu.

Mtunza Nyaraka (Arusha)

Ndugu yangu, laminesheni ndiyo njia ya haraka zaidi ya kuziua. Hiyo ni ngozi ya kondoo; ikipata joto la mashine hujikunja na kusinyaa kama ngozi ya nyama iliyowekwa jikoni, na hairudi tena. Pasi pia isiguse, wala selotepu. Wanasheria wa zamani waliipenda ngozi ya kondoo kwa sababu ina tabaka, na mdanganyifu akikwangua neno ili aandike jingine, alama yake huonekana. Lakini tabaka hizohizo huachana ikitendwa vibaya. Dada, zitoe kwenye bati, uzifunge kwa kitambaa cheupe cha pamba kilichofuliwa na kukauka kabisa, uziweke ndani ya boksi safi chumbani, mbali na ukuta unaotoka unyevu wakati wa masika, na ukague mchwa na mende mara kwa mara. Namba ziandike kwa penseli kwenye kitambaa au bahasha ya nje, si juu ya hati.

Afisa Ardhi Mstaafu (Moshi)

Nilitumikia ofisi za ardhi hadi kustaafu, kwa hiyo nitajibu swali la sheria.

Mwanangu, mwambie kaka yako asitumie hata nauli kwa jambo hili. Huko Uingereza muuzaji alitakiwa kuonyesha mlolongo wa hati za miaka ya nyuma, na sheria iliendelea kuupunguza muda huo: miaka 40 kwa sheria ya 1874, miaka 30 kwa sheria ya 1925, na miaka 15 kwa sheria ya 1969. Baadaye usajili wa hatimiliki ukawa wa lazima kwa mauzo katika Uingereza na Wales nzima kuanzia tarehe 1 Desemba 1990. Hati ya 1768 haimpi mtu hata futi moja. Baada ya 1925 mawakili waliona makabati yao yamejaa ngozi zisizohitajika, na nyingi zilitupwa, nyingine zikageuzwa vivuli vya taa na ngozi za ngoma. Sishangai kwamba mtoto wa familia ya namna hiyo aliyekuja kulima kahawa alibeba fungu moja kama ukumbusho. Na akitokea mtu kwenye simu akisema anaweza kuwafuatilia mirathi Yorkshire mkimtumia ada kwanza, mfungieni.

Hapa kwetu ni vivyo hivyo. Umiliki wa moja kwa moja walioupata masetla uligeuzwa kuwa upangaji wa serikali wa miaka 99 mwaka 1963, na mwaka 1969 upangaji huo ukageuzwa kuwa haki ya kumiliki kwa kibali cha serikali. Kama ndani ya sanduku kuna hati ya shamba la kahawa, nayo ni historia tu.

Kuhusu ndugu Mwenda Pole, mimi naona jambo moja ambalo halijasemwa. Mzee aliachiwa amana. Hakupewa, hakununua, na hakuna mahali alipoambiwa kuwa ni vyake. Sasa amana inaingiaje kwenye mirathi? Mnachorithi ninyi ni wajibu wa kuitunza mpaka ifike panapostahili, basi. Fremu na mnada visahauliwe.

Binti wa Karani (Moshi)

Shikamoo mzee wangu, na asanteni nyote. Nimewasomea ndugu zangu majibu haya, na kaka ameridhika, ingawa amecheka sana aliposikia kwamba kule mali yote ilimwendea mtoto wa kwanza wa kiume, maana hapa nyumba ya baba imebaki kwa kitinda mimba na hakuna aliyeshangaa. Kikaratasi kidogo cha nyuma kipo, chenye taji na herufi za G na R.

Nimefungua pia vitabu vya mishahara. Kila ukurasa una majina ya vibarua, kazi ya siku, yaani kupalilia, kuchuma au kumenya kahawa, na kiasi alicholipwa kila mmoja. Wasiojua kuandika wameweka dole gumba kwa wino wa zambarau. Mwandiko ni wa baba. Je, hivi navyo vipelekwe Uingereza pamoja na hati?

Mtunza Nyaraka (Arusha)

Hapo umenigusa penyewe. Kanuni ya kazi yetu ni kwamba nyaraka zilizokaa pamoja zisitawanywe, na kwa kawaida ningesema sanduku lote liende mahali pamoja. Lakini vitabu hivyo viliandikwa Kilimanjaro, na wajukuu wa wale walioweka dole gumba wako Kibosho na Machame, si Yorkshire. Hati ya 1768 ina muhtasari wake katika kitabu cha Wakefield. Kurasa alizoandika mzee wako sidhani kama zina nakala popote.

Afisa Ardhi Mstaafu (Moshi)

Naunga mkono, ila orodha iwe moja. Andikeni kila kilichomo kwa mpangilio uleule mliokikuta, hata barua zisizosomeka, ili siku sanduku likigawanywa kati ya nchi mbili, kila upande ujue upande wa pili una nini. Na chochote kisivuke mpaka kabla Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa haijatoa kauli yake kwa maandishi.

Mtunza Nyaraka (Arusha)

Basi dada, fanya hivi. Piga picha za mgongoni mwa hati kubwa, mchana, kwenye kivuli cha baraza, bila taa ya simu, mpaka namba za kitabu na ukurasa zisomeke. Zitume Wakefield ukieleza ulivyozipata, na barua hiyohiyo, pamoja na orodha, ipeleke Idara ya Nyaraka ukitaja vitabu vya mishahara kwanza. Waulize pia watu wa Wakefield kama wana nyaraka nyingine za familia hiyo, kwa kuwa majina yaliyo kwenye hati ya ndoa huenda yakawaonyesha kama kuna ndugu wa mwenye sanduku anayeweza kuulizwa anataka nini kifanyike.