Gari likipaki bure katikati ya mji, nani analipa?

Mleta mada

Wadau, naomba tulijadili hili bila kufichana. Mji wowote ukitaka kupanga upya katikati yake, kikao huvunjikia palepale: maegesho. Wengine wanataka yaongezwe, wengine yalipiwe, wengine yaondolewe kabisa ili mabasi, miti na waenda kwa miguu wapate nafasi. Msimamo wangu nautoa mapema. Kuegesha kando ya barabara kulipiwe, bei ipande panapojaa na ishuke palipo patupu, na fedha yote ibaki kwenye mtaa uleule ilikokusanywa. Hilo la mwisho naliona kubwa kuliko mengine yote.

Nafasi ikiwa bure, anayewahi asubuhi anaikalia hadi jioni. Anayekuja kununua kitu kwa dakika 20 anazunguka na kuzunguka akitafuta pa kusimama, na mizunguko hiyo ni sehemu ya foleni tunayoilalamikia. Mita ya kwanza ya maegesho duniani, yaani kifaa cha kulipia kando ya barabara, ilifungwa Oklahoma City, Marekani, Julai 1935, na kisa kilikuwa hichohicho: waliofanya kazi mjini waliziba nafasi kutwa, wateja wakakosa. Marehemu Profesa Donald Shoup wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles (UCLA), aliyelichunguza jambo hili miaka mingi, alipendekeza kipimo chepesi: bei iwe ile inayoacha nafasi moja au mbili wazi katika kila kipande cha mtaa. San Francisco walilijaribu kuanzia 2011, wakibadilisha bei kulingana na mtaa na saa. Wengi walitarajia kukamuliwa, lakini wastani wa bei ya mita kwenye maeneo ya majaribio ulishuka.

Mwenye duka

Ndugu mleta mada, hoja yako naiheshimu, ila anayeumia ni mimi. Mteja akiona mita anageuza gari, anakwenda kwenye maduka makubwa ya pembezoni yenye uwanja wa kuegesha bure. Ninyi mnazungumzia miti na mabenchi, mimi nawaza kodi ya pango. Na tozo tumezizoea: inaanzishwa kwa jina la maendeleo, miaka inapita, mtaro mbele ya mlango bado umeziba.

Mleta mada

Mkuu, huo mtaro ndio unaonifanya nikazanie fedha ibaki mtaani. Old Pasadena kule California palikuwa pamechakaa, na wenye maduka walizipinga mita kwa hofu kama yako. Walikubali manispaa ilipoahidi kwamba mapato yote yatatumika hapohapo. Mita zikafungwa 1993, fedha ikaenda kwenye njia za miguu, taa, miti na usafi wa vichochoro, na wateja wakarudi. Sidai kwamba ni mita peke yake zilizopafufua. Ninachosema ni kwamba aliyelipa aliona kwa macho yake fedha yake imekwenda wapi, na ugomvi ukaisha.

Kuhusu wateja, Bristol, Uingereza, wenye maduka walikadiria kuwa asilimia 41 ya wanunuzi wao huja kwa gari. Walipoulizwa wanunuzi wenyewe, ikawa asilimia 22. Mwenye gari unamwona kwa sababu gari lake liko mlangoni pako. Aliyeshuka kwenye basi hujamhesabu, na yeye ananunua.

Abiria wa kila siku

Mnabishana kana kwamba sisi wa mabasi hatupo. Njooni kituoni saa kumi na moja jioni. Gari moja limepaki kwenye kituo, taa za dharura zinawaka, mwenyewe yuko ndani ya duka na anasema anatoka sasa hivi. Basi haliwezi kusogea ukingoni, linasimama katikati ya barabara, watu wanashukia kwenye lami. Mama mwenye fimbo anapapasa kwa mguu atafute pa kukanyaga, na kwenye upenyo uliobaki kati ya basi na lile gari pikipiki zinapita. Nyuma honi mfululizo. Mtu mmoja amewazuia wote waliojaa kwenye lile basi, na hakuna anayemgusa.

Kwa hiyo kabla ya kujadili bei, vituo vilindwe. Na msiondoe maegesho wakati basi lenyewe halijulikani litapita saa ngapi. Mtu akiambiwa aache gari halafu asimame kituoni saa nzima, atauchukia mradi wote.

Mtumiaji wa kiti cha magurudumu

Magari yakizuiwa kupanda kwenye njia ya miguu nitashukuru. Lakini mara nyingi mtaa "ukipendezeshwa", mti unapandwa katikati ya njia, benchi linafuata, na kiti changu hakipiti. Niachieni nafasi ya kuegesha karibu na mlango, na ukingo uteremshwe pande zote mbili za barabara.

Asiyeamini tozo

Mleta mada, unategemea ahadi. Chicago mwaka 2008 iliidhinisha kukodisha mita zake kwa miaka 75, ikalipwa dola bilioni 1.15 kwa mkupuo. Mkaguzi mkuu wa jiji baadaye alikadiria kuwa haki zile zilistahili karibu dola bilioni moja zaidi. Bei zikapandishwa, na sasa jiji likitaka kuondoa nafasi ili liweke njia ya basi, lazima limfidie mwekezaji. Wameuza hadi mtaa wa watu ambao hawajazaliwa.

Mleta mada

Ndiyo maana nataka iandikwe kwenye sheria ndogo: mita zisikodishwe, na hesabu ya kila mtaa ibandikwe hadharani kila robo mwaka. Tuanze na mitaa inayojaa tu. Ya abiria nayachukua yatangulie: vituo vya basi visafishwe kwanza, mita baadaye.

Mwenye duka

Nitaunga mkono kwa sharti moja. Kamati ya kuamua matumizi iwe ya wenye biashara wa mtaa huo. Sisi ndio tunaobeba hasara ikishindikana.

Abiria wa kila siku

Hapo hatuelewani, ndugu yangu. Wanaoutumia mtaa huo wengi wao hawana duka wala gari. Kwenye kamati yako, nani anakaa kwa niaba yao?