Baridi ya Julai: mikono na miguu nivalishe nini kwenye baiskeli?

Uyole_Juu: Wakuu, saa 12 asubuhi nateremka Uyole kwenda Mwanjelwa, hapa Mbeya. Soksi za mikono na miguu (zile bomba za kitambaa za kuvuta mkononi, na mguuni hadi pajani) nichague zipi?

Spoki: Kwepa pamba: inashika jasho, upepo ukipiga unaganda. Chukua poliesta yenye manyoya ndani, au sufu. Pima mzunguko wa mkono juu ya kiwiko, katikati ya msuli, na wa paja sentimita 15 juu ya goti. Ikilegea inateleza, ikibana sana, ganzi. Bukta ije juu yake, ukingo wa mpira uguse ngozi.

Kipupwe: Ngozi kavu! Ukijipaka mafuta, mpira haushiki. Na goti usiliache wazi, halina nyama ya kulikinga.

Uyole_Juu: Za mtumba je?

Spoki: Vuta ule mpira. Usiporudi haraka, achana nazo.