Nimewaambia niko Paje na ni msimu wa kusi, wakaniuzia bodi ya maji yaliyolala

Wakuu nisameheni nikiandika ovyo, nimetoka baharini muda huu, mabega yanauma na hasira zimenikaba hapa.

Nimenunua bodi ya kusimama na kupiga kasia kwenye duka moja Dar, jina silitaji. Muuzaji nilimwambia kwa mdomo na watsap nikamwandikia kabisa, niko Paje, nina kilo 92, ndo naanza kujifunza, naingia majini mwezi wa saba. Mwezi wa saba wakuu! Aliyewahi kukaa huku mashariki ya Unguja anajua upepo wa kusi unavyopiga miezi hiyo, maji yakijaa mawimbi yanavuka mwamba yanaingia mpaka huku ndani, mafupi mafupi, yamefuatana, yanakupiga ubavuni. Jamaa hakuuliza hata swali moja. Akanitolea bodi ya kujaza upepo, urefu futi 12 na nusu, upana inchi 26, unene inchi 4, eti "chukua hii ndefu ndo imetulia, inabeba mpaka kilo 120".

Kubeba inabeba, hata gogo linabeba! Kuelea ni kitu kingine na kutulia ni kitu kingine, kinachokuzuia usiende mrama ni upana. Inchi 26 ni bodi ya mashindano, ya watu waliozoea, inakimbia kwenye maji shwari basi. Mtu wa kilo zangu anayeanza, tena bahari imechafuka, alitakiwa anipe inchi 33 au 34, urefu futi 10 na nusu hivi, unene inchi 6 isipinde, na omo, yaani ncha ya mbele, imeinuka kidogo isichimbe kwenye wimbi.

Na pampu yao sasa. Kwenye bodi imeandikwa ijazwe mpaka psi 15, hicho ni kipimo cha mgandamizo wa upepo ndani, mimi nimeilalia ile pampu mpaka jasho linadondoka mchangani, mshale umegoma kwenye 9. Nikaingia hivyo hivyo, hapo ndo nilikosea. Nikisimama katikati panabonyea, omo na tezi (ncha ya nyuma) vinanyanyuka, maji yanapita juu ya vidole vya miguu. Wimbi la kwanza la ubavu, chini. Napanda, chini. Nimehesabu mara 11 halafu nikaacha kuhesabu, nikabaki nimepiga magoti upepo unanipeleka upande wa Bwejuu, maana bodi za kujaza upepo zinakaa juu ya maji zinashika upepo kama tanga, na kasia ukiwa magotini halina nguvu, mpaka vijana wa kaiti, wale wanaoteleza majini wakivutwa na tiara, wakaniona wakanifuata. Kamba ya mguuni nilinunua kwingine kwa akili zangu, bila hiyo bodi ingeenda zake mimi nikabaki naogelea.

Nimewapigia simu wananijibu eti ikishalowa hairudishwi. Sasa bodi ya baharini ningeijaribia wapi, sebuleni? Hela hiyo nimejichanga miezi 8, nilitaka nijue vizuri ili baadaye niwatembeze wageni, na mgeni hajui kuogelea unampandisha kwenye kitu kama hiki anakufia mikononi.

Aliyewahi kurudishiwa hela ya kitu alichokwisha kukitumia aniambie alipitia wapi. Risiti ninayo, na ile meseji yangu ya kilo 92, Paje, mwezi wa saba, bado ipo kwenye simu na tiki mbili za bluu.