MREJESHO: Mdogo wangu aliyepoteza shabaha ghafla kwenye besiboli

Wakuu, narudi kuwashukuru. Niliuliza kuhusu mdogo wangu, mrushaji wa besiboli hapa Mtwara, ambaye ndani ya wiki moja tu mipira yake ilianza kupita juu ya kichwa cha mdakaji au kumgonga mpigaji.

Tulianza na daktari, kama mlivyosisitiza. Akakuta bega limechoka, akampumzisha wiki 3. Maumivu yaliisha, shabaha haikurudi. Kilichosaidia ni ushauri wa kumsogeza karibu: alianza kurusha kutoka mita 9, bila mpigaji, jioni pale Shangani, tukirudi nyuma kidogo kidogo hadi mita 18.44 kamili, umbali wa kurushia kwenye mechi. Hapo ndipo tukaona mguu wa mbele unatua nje ya mstari, kifua kinafunguka mapema na mkono unachelewa. Nadhani alizoea hivyo akikwepa kuliumiza lile bega.

Mazoezini yuko vizuri. Kwenye mechi bado: mchezaji wa timu pinzani akifika kituo cha kwanza tu, vidole vinakakamaa.

Uliyenitajia Steve Blass, mrushaji wa timu ya Pittsburgh huko Marekani, aliyeshinda mechi 19 mwaka 1972 kisha mwaka uliofuata akashindwa kulenga, asante sana. Dogo alisikiliza kimya, akasema, "Kumbe siyo mimi peke yangu." Jioni ile aliomba mpira mwenyewe.