Takako Doi wa Japani alianzia wapi mpaka akawa spika?

DadaMwaloni:
Habari za jioni wakuu. Nauza dagaa mwaloni huku Mwanza. Juzi tulikaa kikao cha vichanja vya kuanikia maana vingine vimeoza na mvua ikinyesha dagaa wanaishia mchangani, nikanyoosha mkono, mwenyekiti wanaume wote anawaita "mheshimiwa mjumbe" mimi akaniambia "haya binti sema fasta". Nina miaka 41 na watoto wanne jamani. Iliniuma mpaka usiku. Wenzangu wananisukuma nigombee uenyekiti. Sasa tangu Takaichi awe waziri mkuu Japani Oktoba 2025 nasikia kuna mama alimtangulia kwenye siasa, Takako Doi, ila redioni walimpitia juu juu tu. Nani anamjua vizuri? Alitoka ukoo wa siasa?

Mwl_Nyegezi:
Dada pole sana. Doi hakurithi jimbo la mtu. Kazaliwa Kobe 1928, kasoma sheria Doshisha kule Kyoto, akawa anafundisha katiba chuoni, 1969 ndo akaingia bungeni kwa Chama cha Kisoshalisti. Mimi kinachonigusa ni sheria ya uraia, zamani Mjapani mwanamke akizaa na mgeni mtoto hapati uraia wa mama, anafuata baba tu, na Okinawa kuna watoto wa baba Wamarekani walibaki hawana nchi kabisa. Doi aliing'ang'ania bungeni mpaka ikabadilishwa 1984. 1986 akawa mwenyekiti wa chama, mwanamke wa kwanza Japani kuongoza chama kikubwa. Bunge lao lina mabaraza mawili, la juu na la chini. Uchaguzi wa 1989 wa baraza la juu watu walikuwa wamechoshwa na kodi mpya ya manunuzi ya 3% na kashfa za rushwa, wanawake 22 wakashinda, chama tawala kikapoteza wingi kwenye baraza hilo mara ya kwanza tangu 1955. Baraza la juu likampigia kura Doi awe waziri mkuu! Ila la chini likamchagua Kaifu, na kikatiba la chini ndo lina neno la mwisho.

Mkerewe_halisi:
Hiyo ya "binti" ndo umfuate Doi hasa. 1993 akawa spika wa baraza la chini, mwanamke wa kwanza. Bungeni kwao mbunge huitwa jina na "kun", ni namna ya mkubwa kumwita mdogo wake wa kiume, hata mbunge mwanamke anaitwa hivyo hivyo. Doi pale kitini akawaita wote "san", ile ya heshima ya kawaida. Sisi Ukerewe tuna mama Mongella, Beijing 1995 alikuwa katibu mkuu wa mkutano mzima wa dunia wa wanawake na hakuna aliyemwita binti.

Kaka_Igogo:
Tuseme na upande wa pili. 1991 chama kiliangushwa chaguzi za mitaa akaachia uenyekiti. Akarudi 1996, halafu 2002 Korea Kaskazini ikakiri kuteka Wajapani, na chama chake kilikuwa na urafiki na wale jamaa na hakikuamini madai yale, familia za waliotekwa ziliumia mno. 2003 akashindwa jimboni, akaachia tena. Kafariki 2014. Mimi bado namheshimu, ila pale alikosea.

DadaMwaloni:
Wabeja sana ndugu zangu, nimemsomea mama mkwe yote akaniambia nirudie hapo pa "san". Fomu nachukua Jumatatu. Na vichanja naanza na vile vya upande wa chini, ndo vinavyozama kwanza.