Tupeane uzoefu: wenzako kazini wanayachukuliaje mazoezi yako ya vyuma na msosi wako?

Hotpoti Kubwa:
Wakuu, salaam. Mada hii ni ya sisi tunaobeba vyuma huku tumeajiriwa. Jimu hakuna shida, shida ni saa saba mchana ukifungua hotpoti lako mbele za watu.

Ofisi yetu iko Posta, Dar, na tunakula wote kwenye chumba kimoja chenye meza moja. Mama anayetuletea chakula anajua kila mtu na lake: huyu wali nyama, yule ugali samaki. Mimi nabeba changu kutoka nyumbani: mayai ya kuchemsha, kuku bila ngozi, viazi vitamu, tembele. Ilianza kwa utani, "Baunsa, hayo mayai umetaga mwenyewe?" Nikacheka nao. Ikaja, "Mbona uso umeisha, kwako kuna amani kweli?" Halafu mama mmoja wa uhasibu, ninayemheshimu kama mzazi wangu, akanivuta koridoni akaniuliza kwa sauti ya chini kama nimeshapima.

Hakuwa na ubaya wowote. Kizazi chake kimezika watu wengi walioanza kwa kukonda hivihivi, miaka ambayo dawa za kufubaza virusi hazijafika kwa watu. Kwao mashavu yakipungua ni habari mbaya, na kitambi ni ushahidi kwamba mambo yamenyooka. Nikamwambia, "Mama, nimepima, niko salama, na kwenye mzani nimeongezeka." Akaniangalia juu mpaka chini. "Basi kula ugali, mwanangu."

Nyie wenzangu mnaishije nao?

Fundi wa Zege:
Mkuu, wewe unaulizwa maswali tu, mimi napangiwa kazi. Niko Mwanza, duka la vifaa vya ujenzi, na mazoezi yangu ni ya uani: bomba la chuma, makopo mawili ya rangi, zege, unaacha likauke. Tatizo kopo moja likibeba zege zaidi ya jingine unainua upande upande, inabidi uongeze kwa kijiko na kupima tena.

Sasa ukishaonekana una kifua, kila kizito ni chako. Lile dumu la maji la dispensa likiisha, watu wanalipita asubuhi nzima na vikombe mkononi, wanamsubiri "baunsa" arudi kutoka stoo. Jenereta, baunsa. Kabati la bosi, baunsa. Mgongo wangu nao ni wa mshahara uleule!

Nilichofanya, niliwafundisha. Sogeza dumu karibu na mwili, kunja magoti, mgongo unyooke, usijipinde kiuno ukiwa na mzigo. Siku hizi dada wa mapokezi analibadilisha mwenyewe na hataki kusaidiwa.

Madam wa Tanga:
Kaka zangu mna nafuu. Mimi ni mwalimu wa sekondari, na ofisi ya walimu ndiyo baraza. "Madam, utaota ndevu." "Madam, mume gani atalala na mtu mwenye mikono hiyo?" Anayesema hivyo yuko kwenye andazi la tatu na chai ya sukari, lakini mjadala ni mikono yangu.

Ndevu haziji kwa kunyanyua chuma. Mwanamke ana homoni ya kiume kidogo sana ukilinganisha na mwanamume, ndiyo maana misuli yetu inakaza bila kuvimba kama yenu. Nimelieleza hilo mpaka mdomo umekauka.

Mzee wetu mmoja, mwalimu wa siku nyingi, akaniita pembeni: "Mwanangu, vyuma waachie wanaume, utashindwa kuzaa." Nikamwambia, "Shikamoo mwalimu. Ile ndoo ya lita 20 kutoka bombani mpaka nyumbani, kijijini kwenu anabeba nani?" Akaitikia marahaba, akarudi kusahihisha madaftari.

Wanaonipa nguvu ni wanafunzi wa kike. Niliwaonyesha video ya Hidilyn Diaz wa Ufilipino, dada wa uzito wa kilo 55, akiinua kilo 127 juu ya kichwa kwenye Olimpiki ya Tokyo mwaka 2021. Ile ilikuwa dhahabu ya kwanza kabisa ya nchi yake. Na wewe Fundi wa Zege usijione peke yako: wakati wa korona huyo dada alikwama Malaysia, akawa anafanya mazoezi kwa kuning'iniza madumu ya maji kwenye mwanzi.

Mlaji wa Kawaida:
Mimi sibebi vyuma, nakaa meza ya jirani na mmoja wenu, acha niwape ya upande wa pili. Mayai ya jana kwenye chumba chenye kiyoyozi na madirisha yamefungwa! Dagaa kwenye maikrowevu! Halafu mtu hajaulizwa anaanza, "Hiyo chipsi mayai unajua ina mafuta kiasi gani?" Ndugu, nimeamka saa kumi alfajiri kuwahi daladala, niache nile. Mkituhubiria wali wetu na sisi tutayasema mayai yenu.

Hotpoti Kubwa:
Hapo kwenye dagaa umetupata.

Kopo Jeupe:
Kwetu bandarini wameamua kwamba kila mwenye kifua anachoma sindano, na anayechoma sindano nguvu za kiume hana. Nimeulizwa mbele ya watu, na aliyeuliza hata aibu hana.

Tutenganishe mambo. Steroidi za kujenga misuli kweli zina madhara hayo: mwili ukipokea homoni nyingi kutoka nje, korodani zinaacha kutengeneza ya kwake, zinasinyaa, mbegu zinapungua. Anayezitumia mtaani bila daktari anacheza kamari. Lakini kopo langu la protini linatokana na maji ya maziwa yanayobaki jibini ikishaganda, yamechujwa na kukaushwa tu. Kreatini nayo, ule unga wa kuongeza nguvu ya kunyanyua, mwili unaitengeneza wenyewe, na nyingine iko kwenye nyama na samaki.

Ila mtu aliyekuona unatikisa kitu cheupe kwenye chupa hataki semina. Niliwamiminia kidogo kila mmoja waonje. Wakakunja nyuso, na hakuna aliyeuliza tena.

Mswahili wa Muscat:
Huku Oman nina taabu ndogo, ila Ramadhani ndiyo inanitoa kijasho. Saa za kazi zinapungua kuwa sita kwa siku, wenzangu wanalala, mimi nabeba vyuma baada ya tarawehe. Wanadhani nina jini. Kwenye futari wananijazia halua na sambusa kwa huruma, na ukikataa cha mkono wa mwenyeji umemvunjia heshima. Nachukua kipande kimoja, nashukuru, naendelea na samaki.

Mlaji wa Kawaida:
Swali la kweli sasa, si la kukera. Mayai yote hayo ni lazima?

Hotpoti Kubwa:
Si lazima yawe mayai. Mtu asiyenyanyua chuma anahitaji protini kama gramu 0.8 kwa kila kilo ya uzito wake. Sisi tunalenga karibu gramu 1.6. Nina kilo 75, kwa hiyo gramu 120 kwa siku. Yai moja lina gramu 6 hivi. Ningetegemea mayai peke yake ningekula 20, ndiyo maana kuna kuku, kuna samaki, na hao dagaa wanaokukera.

Mlaji wa Kawaida:
Na maharage ya mama wa chakula hayahesabiwi?

Hotpoti Kubwa:
Yanahesabiwa. Mwambie akuwekee upawa wa pili, apunguze wali.